Je, bima ya afya ilipie tiba ya wasiwasi kwa intaneti?

Mtoa mada
Wakuu, salamu. Kuna wanaotaka bima ilipie tiba ya kisaikolojia kwa intaneti, kwenye simu, kwa watu wenye wasiwasi uliopitiliza. Wengine wanasema hiyo si tiba, ni biashara ya bando. Mimi nasema ilipie, kwa sharti moja: upande wa pili awepo mtaalamu anayesoma na kujibu.

Stockholm, Sweden, kuna kliniki inayotibu hivi tangu 2007. Mgonjwa hupata somo kila wiki, kwa kawaida wiki 10 hivi, na kazi ya kufanya. Mwenye hofu ya ghafla, yule ambaye moyo ukianza kwenda mbio anaona kifo hiki hapa, anaambiwa apande ngazi mbio kwa makusudi, au avute pumzi kwa mrija mwembamba hadi imbane, akae na hali hiyo mpaka ipite yenyewe. Kisha anaandika: nilidhani nini kitatokea, na kimetokea nini. Mwanasaikolojia anamjibu kwa maandishi. Hilo humchukua dakika 10 au 15 kwa wiki, ndiyo maana mmoja anaweza kubeba wagonjwa wengi, nasi wanasaikolojia wetu ni wa kutafuta kwa tochi.

Mwaka 2018 mwanasaikolojia wa Sweden, Per Carlbring, na wenzake walikusanya tafiti 20, washiriki 1,418, zilizolinganisha tiba hii yenye mtaalamu na ile ya ana kwa ana, kwa wasiwasi, sonona na maradhi mengine kadhaa. Hawakuona tofauti ya maana. Lakini zile programu unazoachiwa mwenyewe, wengi huishia njiani. Anayetaka bima inunue programu tu na kumwacha mgonjwa nayo, huyo nampinga kabisa.

Muuguzi wa Temeke
Nakuunga mkono nusu. Huyo wa kupanda ngazi apimwe moyo kwanza, tafadhali. Halafu huku kwetu mtu haji akisema "nina wasiwasi". Anakuja na moyo unadunda, tumbo linawaka, usingizi hamna. Anapimwa malaria, anapimwa presha, anapewa panado, anarudi nyumbani na hofu yake ileile. Nani atamfikisha kwenye hiyo tiba? Na hizo tafiti, wengi walioshiriki ni watu wa nchi tajiri waliojitokeza wenyewe, wanajua kusoma na kuandika vizuri. Mama mwenye kitochi kinachotumiwa na nyumba nzima umemweka wapi?

Mpwani
Mimi naogopa siri kuvuja. Finland wezi wa mtandaoni waliiba kumbukumbu za wagonjwa wa vituo vya tiba ya kisaikolojia vya Vastaamo, zaidi ya 30,000, na mwaka 2020 wakaanza kumdai mgonjwa mmoja mmoja pesa ili wasianike aliyomweleza mtaalamu wake. Pia, mtu anayeogopa watu unamtibuje akiwa amejifungia chumbani?

Mtoa mada
Mpwani, Vastaamo kilikuwa kituo cha tiba ya ana kwa ana. Kilichoibiwa ni mafaili yaliyohifadhiwa kizembe, na hospitali zetu nazo zinahamia kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, isimamiwe kotekote. Na anayeogopa watu hatibiwi kwa kukaa chumbani: kazi yake ya wiki ni kutoka, aulize swali kikaoni, apige simu anayoikwepa, aingie dukani aulize bei na asinunue. Simu inampa maelekezo tu, dawa yenyewe iko huko nje.

Dada muuguzi, la kitochi umenibana. Kwa huyo, mtaalamu apige simu ya kawaida, kama MindSpot, kliniki ya mtandaoni ya Australia, inavyowapigia watu wake kwa gharama za serikali. Na nakubali masomo yaandikwe kwa Kiswahili, yajaribiwe hapahapa kabla bima haijatoa shilingi.

Muuguzi wa Temeke
Hapo sawa. Basi tuanzie kwenye kuwatambua. Lipo dodoso la maswali 7, GAD-7, linalouliza hali ya mtu kwa wiki 2 zilizopita, na toleo lake la Kiswahili limeshapimwa Kilifi, Kenya. Mgonjwa wa nje akija mara ya tatu na moyo unaodunda, vipimo vyote safi, tumuulize hayo maswali kabla hatujamwandikia panado nyingine. Hilo hata kesho tunaliweza.