Faharasa ya A mpaka Z kwenye Drupal: Ng', Ch na Ny zanitoa jasho

mjukuu_wa_nahodha

Assalaam aleikum wadau. Niko Kibokoni hapa Mombasa, nna saiti ndogo ya maneno ya bahari, manake babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi na wenziwe waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole, na yale maneno yao ya mlingoti na foromali sisi vijana hatuyajui, tushazoea injini ya boti tu. Mpaka leo nshaingiza maneno 640, kila neno nodi yake, yaani ukurasa wake, maana, mfano, na picha ikipatikana. Natumia Drupal 10, ile programu ya kutengeneza saiti.

Sasa nataka ukurasa wa faharasa, herufi zikae juu, ukibonyeza D waona dau, dema, demani. Nikaambiwa Drupal yaja na view, yaani orodha inojipanga yenyewe, ya Glossary iko tayari ila imezimwa, nikaiwasha, ikafanya kazi papo hapo nikafurahi. Kisha nikaitazama vizuri nikachoka.

N yaleta nanga, ngalawa, ng'amba, ngama, ng'onda, nguru, nyavu zote zimechanganyika, na mimi nataka Ng' na Ny zisimame kivyake. Iko C imejaa chombo na changu, na sisi C peke yake hatuna. Vitenzi niliviandika na kistari mbele, -tweka, -shua, vyote vimekwenda kurundikana kwenye herufi inoitwa "-" kabla hata ya A. Nikaingia kwenye kile kichujio cha title (kichwa cha nodi) nikabadilisha idadi ya herufi kutoka 1 kuwa 2 nikidhani ntaipata Ch, nikapata da, de, fo, ja, ji, juu pamejaa kama soko la Kongowea jioni. M ndo usiseme, mtu akifika mwisho wake kidole kishauma.

Mimi si mtu wa kodi sana, naweza kupesti nikionyeshwa pa kupesti. Nisaidieni.

kisauni_mtupu

Hamia WordPress bro. Plagini za A-Z ziko tele, waweka shotikodi moja umemaliza, hayo ya Drupal ni kujitafutia presha bure.

fundi_majengo

@kisauni_mtupu hebu niambie hio plagini yako itajuaje kama ng'onda si neno la N? Nyingi zao zachukua herufi ya kwanza ya kichwa zikaishia hapo, sawasawa na Glossary ya Drupal. Akihama atahama na shida yake begani.

Mjukuu nisikize. Mashine haikukosea, umeiambia ikate herufi moja ya mwanzo na imekata. Ukiiambia ikate mbili inakata mbili kwa kila neno, haina habari kwamba "ch" ni herufi moja na "da" ni mbili. Kwa hivo hio kazi ya kuamua neno liko chini ya herufi gani iondoe kwa view kabisa, iweke kwa neno lenyewe.

Mimi nlifanya hivi kwa saiti ya mteja mmoja. Tengeneza vokabulari ya taksonomia, yaani orodha ya makundi, uiite Herufi, ndani yake weka A, B, CH, D mpaka Z, zile 24 za alfabeti yetu, Q na X usiziweke maana hakuna kitakachoingia. Ongeza NG' na NY kwa kuwa ndo unavyotaka, na SH, DH, GH, KH, TH ukiona zina maneno ya kutosha. Raha ya taksonomia ni kwamba zile herufi waziburuta na mausi ukazipanga utakavyo, sio mashine ikupangie. Na kwenye linki itakaa namba ya herufi badala ya jina, kwa hivo kile kialama cha NG' hakitakusumbua kwenye anwani.

Halafu ongeza fildi mbili kwa kila neno: moja ya kuchagua Herufi, nyingine ya maandishi iite "panga", hio haionyeshwi kwa msomaji. Ndani ya panga neno lakaa limeoshwa: herufi ndogo zote, kistari kimetolewa. -tweka inakuwa tweka. Kwenye view unapanga kwanza kwa uzito wa herufi, yaani ile nafasi uliyoiburutia, na hapo lazima uongeze uhusiano wa taksonomia kwanza la sivyo hutaiona hio chaguo, mimi ilinila asubuhi nzima, kisha unapanga kwa panga. Title yabaki vilevile na kistari chake kwa ajili ya kuonyesha tu.

Kujaza fildi hizo kwa maneno 640 usifanye kwa mkono utazeeka. Moduli ndogo yenye huk ya presave, yaani kodi inojiendesha kabla nodi haijasevu, kila nodi ikisevu inajijaza yenyewe. Sharti moja, ipime herufi ndefu kwanza: uliza kama laanza na ng', kisha ch, dh, gh, kh, ny, sh, th, na mwisho kabisa ndo herufi moja. Ukianza na moja, N itazimeza zote kabla hujafika. Ntakutumia faili usiku.

mjukuu_wa_nahodha

Allah akulipe kaka. Faili nimepata, nimewasha moduli, nikaenda kwenye orodha ya kontenti nikachagua zote nikabonyeza Save content ili zijijaze, zaonyesha 50 kwa ukurasa kwa hivo nimerudia mara 13 lakini nimemaliza. CH iko sawa, NY iko sawa, vitenzi vimerudi makwao.

Lakini NG' ina maneno mawili tu na najua yako tisa. Nikafungua ng'onda ndani nikaona imetiwa N. Nikaenda kwa ile faili yako nikachezacheza pale panapokata herufi tatu za mwanzo, nikaiambia inionyeshe kilichokatwa, ikanionyesha n, g, kisha kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani. Ni kirusi?

fundi_majengo

Hahaha si kirusi, ni kosa langu. Yale maneno saba bila shaka uliyaandika kwenye Word ama kwenye simu kisha ukapesti?

mjukuu_wa_nahodha

Ee, binamu alinichapia kwenye Word.

fundi_majengo

Ndo hapo. Word inakunja kile kialama, badala ya ' iliyosimama waweka ’ iliyopinda. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili mbali kabisa, kwa hivo ilipouliza "laanza na ng'?" ikajijibu hapana. Na ile iliyopinda kwenye UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi, yachukua baiti tatu, hali ile ya kawaida ni baiti moja tu. Mimi kwa uvivu nlitumia substr ambayo yahesabu baiti, ikakata katikati ya kialama chako, kipande kilichobaki si herufi ya lugha yoyote ndo ukaona kialmasi. Badilisha iwe mb_substr, na juu yake kabla ya chochote weka mstari huu:

$neno = str_replace(['’', '‘', '`'], "'", $neno);

Hio ya tatu ni kwa wale wa kibodi za zamani. Kisha sevu tena zile 640, samahani.

bint_likoni

Nami niongeze yangu kwa kuwa saiti kama hizi nazitumia kwenye simu, hasa nikiwa kwenye feri nasubiri kuvuka ambapo netiwaki yaja na kupotea. Kaka usifanye kila herufi ukurasa wake. Maneno 640 kama ni majina tu bila picha ni maandishi mepesi mno, weka yote kwenye ukurasa mmoja, zima kule kugawanya kurasa, yapange kwa makundi ya Herufi, na kichwa cha kila kundi kipe id yake (jina la pa kurukia) ili herufi za juu ziwe ni kuruka tu ndani ya ukurasa uleule. Unapakia mara moja, netiwaki ikikatika katikati ya bahari bado nasoma.

M iache iwe ndefu. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, mlingoti, mshipi, mtepe, mtumbwi, mkizi, mkunga, yote yaenda huko na mtu atayatafuta hukohuko. Igawe safu mbili tatu kwenye kompyuta, kwa simu safu moja.

Ila kuna jambo nimeliona kwa orodha yako hapo juu mafundi mmelipita. Umeandika nyavu. Mbona nyavu? Umoja wake ni wavu, yaenda W. Kama nyavu umeiweka wingi na chombo umeiweka umoja basi msomaji hatajua atafute vipi. Amua moja, mimi nasema umoja, na vitenzi bila ku-, la sivyo K nayo itakuwa kama M.

mjukuu_wa_nahodha

Dadangu ni kweli lakini hakuna mvuvi hapa atakayetafuta wavu, wote wasema nyavu.

bint_likoni

Basi weka zote mbili. Nyavu iwe nodi fupi isiyo na maana ndani, yasema tu "tazama wavu" na linki. Fanya hivohivo na maneno ya Kimvita, mtu wa Mji wa Kale atatafuta ndia si njia, na mato si macho.

mzee_wa_kuze

Mwanangu mjukuu, hizo kodi zenu sizijui lakini nimefungua saiti yako nikatazama D. Demani umeiandika ni kamba ya tanga. Sawa. Lakini demani pia ni majira, kusi ikishalegea bahari ikatulia. Hayo ni maneno mawili, babu yako angekucheka. Mnaweza kuyaweka mawili yenye jina moja ama mashine itakataa?

fundi_majengo

Mzee shikamoo. Haikatai, nodi mbili zaweza kuwa na kichwa kimoja, tatizo litakuwa msomaji aone demani, demani asijue abonyeze ipi. Mjukuu, ongeza fildi fupi ya kutofautisha, "kamba" na "majira", ionyeshwe kwa herufi ndogo pembeni ya neno pale kwenye faharasa. Kwa maneno mengine iache tupu.

mjukuu_wa_nahodha

Mzee shukrani sana, ntakuja nikae nawe na daftari, naona kuna mengine nimeyakosa kama hilo.

Habari njema ni kwamba NG' sasa ina zote tisa, ng'ambo, ng'amba, ng'onda na wenzake, kialmasi kimepotea. Ukurasa mmoja pia nimeufanya, binamu ameufungua kwenye simu yake ya zamani ukaja bila kusumbua. Bado nahangaika na kimoja: vile vichwa vya makundi vilikuwa vyatoka kama linki za taksonomia, kila nikivitia id yapotea.

fundi_majengo

Kwenye mipangilio ya makundi kuna tiki ya kutumia matokeo yaliyokwisha kurenderiwa, iweke. Na ile fildi ya Herufi iondolee linki, kisha iandike upya wewe mwenyewe pamoja na id. Usisahau kufuta kashi, zile nakala za zamani Drupal inazojiwekea, nakujua.

mjukuu_wa_nahodha

Nlisahau kashi. Imekubali.