Tupeane uzoefu: kampeni zilipofanya mazingira kuwa vita vya wenyeji na wageni

Mkunguni: Waungwana, uchaguzi wa 2027 wanukia, nami nina jambo limenikaa moyoni tangu kampeni za 2017. Wakati ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, megawati 1,050, ulikuwa umeshapewa leseni ya mazingira. Mgombea mmoja akaja Amu, yaani mji wa Lamu, akasema wanaoupinga wametumwa na wazungu wanaotaka tubaki gizani. Ami yangu ni mvuvi. Yeye alikuwa akiuliza tu, maji moto ya mtambo yakimwagwa baharini samaki watakwenda wapi? Tangu siku ile barazani akaitwa kibaraka. Mtu mzaliwa wa Langoni, mtaa wa papa hapa Amu! Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyerudi kumtaka radhi ami. Nanyi yamewapata yapi?

Boriti: Sisi wa kisiwa cha Pate, huku huku Lamu, tuliguswa kwa upande mwingine. 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, baba, mkata boriti za mikoko, alikaa bure na sukari tukawa twachukua kwa deni. Kampeni za 2022 tukaambiwa, "Mikoko ni yenu, mtu wa Nairobi asiwapangie." Tulipiga makofi, sisemi uongo, dhiki ile ilikuwa bado haijatutoka. Lakini baba alitaka kujua wapi pakatwe na wapi paachwe pakue, na hilo sikulisikia kwenye mkutano hata mmoja.

Mwana wa Malindi: Mimi niko Hamburg, Ujerumani, na huku ni yale yale. Kabla ya uchaguzi wa Februari 2025, Alice Weidel, kiongozi wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, aliahidi kuing'oa mitambo ya upepo, akiiita ya aibu. Chama kikapata asilimia 20.8 ya kura. Jirani yangu, bibi mstaafu, hana chuki na mtu. Sheria ya 2023 ya mitambo ya kupashia nyumba joto ilimtia hofu ya gharama, na hao AfD ndio waliokuja kumsikiliza. Trump naye, Juni 2017, akitangaza kuitoa Marekani katika Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, alisema alichaguliwa awakilishe watu wa Pittsburgh, mji wa kwao Marekani, si Paris. Nimeyakumbuka niliposoma ya Boriti.

Mkunguni: Boriti, nimemsomea ami. Asema mzee akivuka Amu apite nyumbani. Ana maswali yake ya samaki, mzee ana yake ya mikoko. Wayapange pamoja kabla wagombea hawajafika.