Kwenda Hispania na Morocco kwa kempavani pamoja na mbwa wawili: tuanzie wapi?

Mkaazi wa Leeds

Salaam, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunakusudia kuondoka Uingereza mwezi wa Juni kwa kempavani yetu, gari lenye vitanda na jiko, tuvuke hadi Ufaransa, tushuke kusini mwa Hispania na, ikiwezekana, tupande feri kwenye bandari ya Algeciras twende Morocco kwa wiki moja kabla ya kurejea. Tuna mbwa wawili, mmoja mzee na mwingine wa miezi sita, na wote hawajawahi kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kila ninayemuuliza hunitajia karatasi tofauti, kwa hiyo naomba anayefahamu anieleze lipi litangulie, na kama Morocco ni jambo la busara.

Daktari wa mifugo, Kent

Dada, kinachowakwamisha wengi ni mpangilio wa tarehe. Mbwa huwekwa chipu ya utambulisho kwanza, ndipo achanjwe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya chanjo hiyo ya kwanza mnasubiri siku 21, kisha daktari aliyeidhinishwa na serikali anatoa cheti cha afya ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Umoja wa Ulaya. Si kila zahanati ya wanyama ina daktari mwenye idhini hiyo, kwa hiyo ulizeni mapema, na mkipewa cheti kilinganisheni namba ya chipu tarakimu kwa tarakimu na ile inayosomwa na mashine.

Kuhusu Morocco, ushauri wangu ni kuiacha safari hii. Nchi hiyo haimo katika orodha ya zile ambazo mbwa hutoka na kuingia Ulaya kwa chanjo peke yake. Inahitajika sampuli ya damu, ichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ionyeshe kinga isiyopungua 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita. Kipimo hicho kisipofanyika na kuandikwa kabla hamjaondoka, mbwa watasubiri miezi mitatu ng'ambo ya bahari. Kichaa cha mbwa kipo Morocco, na kinga ya mbwa mchanga baada ya dozi moja huweza kuwa ndogo. Sioni sababu ya kumhatarisha kwa ajili ya wiki moja.

Dereva wa masafa, Birmingham

Nakubaliana na daktari, nami niongeze ya barabarani. Treni ya magari kutoka Folkestone hadi Calais huchukua dakika 35 na mbwa hubaki nanyi ndani ya gari, jambo linalomfaa sana mbwa mzee. Mitungi ya gesi ya kupikia inaruhusiwa kwa kiasi maalumu mradi imefungwa, lakini gari ambalo injini yake inaendeshwa kwa gesi (LPG) halipakiwi. Msibebe chakula cha mbwa chenye nyama au maziwa, maana hakiruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka Uingereza, nunueni Calais.

Joto ndilo linaloniogopesha kuliko karatasi zote. Maeneo ya ndani ya Hispania, mbali na pwani, hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, na bati la kempavani iliyoegeshwa juani hupata joto kali upesi hata madirisha yakiwa wazi. Endesheni alfajiri, pumzikeni mchana kwenye kivuli cha miti, na kabla ya kumshusha mbwa wekeni kiganja juu ya lami: msipoweza kukiacha hapo, nyayo zake nazo zitaungua. Kama mnaweza kuahirisha hadi Septemba, fanyeni hivyo.

Mkaazi wa Leeds

Nawashukuru sana. Morocco tumeiondoa, na tutazungumza juu ya Septemba. Je, wakati wa kurudi kuna sharti jingine, na kuna maradhi ya huko tunayopaswa kuyakinga?

Daktari wa mifugo, Kent

Lipo la dawa ya minyoo aina ya tegu. Daktari wa huko lazima ampe kila mbwa dawa hiyo na aandike tarehe na saa, si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia Uingereza. Pale Calais mtakabidhiwa kifaa, mkipitishe wenyewe mabegani mwa mbwa hadi namba ya chipu isomeke, huku mhudumu akiilinganisha na cheti na kuhesabu saa za dawa. Saa zikipungua, mtasubiri.

Ama maradhi, kusini mwa Ulaya kuna usubi wanaoeneza leishmaniasi, jamaa wa kala-azar inayosumbua Turkana na Baringo. Huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na ni wadogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida cha mbu. Wavisheni mbwa kola yenye deltamethrin, dawa ya kufukuza wadudu, wiki moja au mbili kabla ya kufika, na jua likizama walazeni ndani ya gari, si chini ya turubai.