Tununue randa ya umeme au msumeno wa meza?

Wa Shangani, Mtwara: Wakuu, tuko watatu, useremala kwetu ni wa jioni baada ya kazi. Tunachanga tununue mashine moja tu. Ipi kwanza? Mbao zetu ni mninga na mkongo. Na ikae kwa nani?

Wa Mikindani: Randa. Kupasua utalipia kwa mafundi, ila kuranda mninga kwa mkono, mgongo utakusimulia. Ikae penye umeme wa uhakika na kufuli. Halafu chumvi ya bahari inakula chuma huku, ipakeni mafuta.

Wa Nachingwea: Visu vya randa kila mtu awe na vyake. Mmoja akipitisha mpingo, ulivyo mgumu, wenzake wanakuta visu butu. Mbao za zamani kagueni misumari!

Wa Shangani: Shukrani. Huyo wa mpingo namjua tayari 😄