Waamuzi wa besiboli za sekondari hawakagui magongo, na watoto wetu ndio wanaoumia

Ndugu wazazi wenzangu mnaosomesha huku Marekani, nimekaa siku tisa bila kuandika nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Mwanangu amelala chumba cha pili, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, na kila asubuhi ninapomfunga vifungo vya shati aende shule naukumbuka mkutano wa dakika mbili uliofanyika uwanjani kabla ya mchezo, ambapo mtu mzima aliyelipwa kuusimamia aliuliza swali moja, akajibiwa "ndiyo" na makocha wawili, na hakugusa gongo hata moja.

Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao (walio Dar es Salaam huenda wameuona pale Shule ya Sekondari Azania, ambako Wajapani walisaidia kujenga uwanja), mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo, futi 60 na inchi 6 kutoka alipo mpigaji, yaani mita 18 na kidogo, na akimaliza kurusha mwili wake huwa umeshavutwa mbele zaidi ya hapo. Mpigaji amevaa helmeti. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake amevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu, na mwamuzi mwenyewe anayesimama nyuma ya mdakaji amejikinga vivyo hivyo. Mrushaji ana kofia ya kitambaa na glavu basi. Mpira ukipigwa sawasawa ukamrudia usoni, ana muda usiofika nusu sekunde wa kuuona, kuuelewa na kujikinga.

Mwanangu ana miaka 16 na ni mrushaji. Jumamosi ile nilifika moja kwa moja kutoka kazini, zamu ya usiku, nikakaa nyuma ya wavu upande wa timu yetu. Niliwaona makocha wawili wakimfuata mwamuzi mkuu kwenye kituo cha mpigaji, nikamsikia akiwauliza kama wachezaji wao wote wana vifaa halali na wamevivaa ipasavyo, nao wakaitikia kwa kichwa. Magongo ya timu zote mbili yalikuwa yametundikwa kwenye wavu, hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama. Hakuyaendea. Alitazama saa, akavuta barakoa yake, mchezo ukaanza.

Katika awamu ya nne mpira ulirudi. Sikuuona ukiondoka kwenye gongo. Nilisikia mlio, kisha nikamwona mtoto wangu amepiga magoti juu ya kituta, glavu imedondoka, mkono ameukumbatia tumboni. Aliinua mkono wa glavu kukinga uso na mpira ukampata juu kidogo ya kifundo, mahali ambapo glavu haifiki. Nilipofika alikuwa anatetemeka. Alisema, "Mama, sikuuona kabisa." Kocha wetu alimwomba mwamuzi alikague gongo lililotumika, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile mwamuzi alipolishika gongo mkononi. Aliligeuza mara mbili, akauona muhuri, akasema ni halali, akalirudisha. Kocha msaidizi akamwonyesha kwamba kifuniko cha ncha kilikuwa na gundi iliyovuja pembeni, kana kwamba kiliwahi kufunguliwa, na akajibiwa kwamba muhuri upo, kwa hiyo mchezo uendelee.

Sitamsingizia kijana aliyepiga. Sijui kama gongo lake lilichezewa, na huenda ni zima kabisa na gundi ile ni ya kiwandani. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuna mtu yeyote uwanjani aliyeweza kujua, kwa kuwa aliyepewa mamlaka ya kuangalia hakuangalia wakati kuangalia kulikuwa na faida.

Kanuni zenyewe si siri. Besiboli za sekondari huchezwa kwa kitabu cha NFHS, shirikisho la vyama vya michezo ya shule lenye makao yake Indianapolis, na kitabu hicho kinaeleza gongo kwa undani ambao fundi seremala angeufurahia: urefu usizidi inchi 36, unene wa sehemu ya kupigia usizidi inchi 2 na sehemu 5 za 8, na uzito kwa aunsi usipungue urefu kwa inchi kwa zaidi ya 3, ili gongo la inchi 33 lisiwe chini ya aunsi 30. Tangu Januari 2012 kila gongo lisilo la mti mtupu lazima liwe na muhuri wa BBCOR ulioandikwa kwa rangi inayoonekana. Herufi hizo zinasimamia kipimo cha jinsi gongo linavyourudisha mpira, na kikomo chake ni 0.50. Gongo la chuma au la nyuzi za kaboni lina uwazi ndani. Ukuta wake hubonyea mpira unapogonga kisha hufyatuka kama trampolini na kuurudishia mpira nguvu ambayo mti ungeimeza. Ukuta ukiwa mwembamba mno, mpira unatoka kwa kasi ambayo mtoto aliyesimama kwenye kituta hawezi kushindana nayo.

Watu hawakukaa tu wakabuni kipimo hicho. Mwaka 2003, huko Montana, mrushaji wa miaka 18 alipigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la alumini, akafariki saa chache baadaye, na mwaka 2009 mahakama ikaamua mtengenezaji ailipe familia dola 850,000 kwa kutotoa onyo la hatari ile. Mwaka 2010, huko California, mrushaji mwingine wa sekondari alipigwa kichwani akapoteza fahamu kwa majuma kadhaa. Jiji la New York lilishapiga marufuku magongo ya chuma katika michezo ya sekondari mwaka 2007, na North Dakota ikaamua vijana wake wapige kwa mti. Kikomo cha BBCOR kina damu ya watoto nyuma yake, kwa hiyo mtu anapokigeuza kuwa swali la kuitikia kwa kichwa, mimi siwezi kukaa kimya.

Tena muhuri peke yake hautoshi, na waamuzi wanalijua hilo kuliko sisi. Wapo watu wanaofungua kifuniko cha ncha, wakaingiza gongo kwenye mashine ya kukereza na kuukwangua ukuta kwa ndani, kisha wakarudisha kifuniko na gundi. Wapo wanaolipitisha gongo la nyuzi kati ya roli mbili ili nyuzi zilegee na ukuta ubonyee kirahisi zaidi. Gongo la namna hiyo linabaki na muhuri wake mzuri kama siku lilipotoka dukani. Vilevile kuna magongo yanayofutiwa cheti baada ya kuuzwa: mwaka 2020 aina moja iliyokuwa ikipendwa sana ilifutwa, lakini kwa urefu wa inchi 33 tu, ndugu zake wa urefu mwingine wakabaki halali, kwa hiyo mkaguzi asiyesoma namba zilizoandikwa kwenye gongo hawezi kutofautisha. Ndiyo, mwamuzi hawezi kuona ndani ya gongo. Lakini anaweza kupitisha kiganja kuanzia ncha hadi mpini akahisi bonde au ufa, anaweza kulitikisa karibu na sikio akasikia kama kuna kitu kinachocheza ndani, anaweza kuizungusha pete ya kupimia unene, anaweza kukitazama kifuniko kwa macho yake mawili, na gongo linalotia shaka akaliweka kando kabla mtoto yeyote hajasimama mbele yake.

Sasa niwape upande wa pili, maana msidhani nalia kwa ajili ya mrushaji peke yake. Majuma mawili kabla ya siku ile, katika timu yetu wenyewe, kuna kijana wa darasa la tisa ambaye baba yake alimnunulia gongo kwa pesa aliyoidunduliza. Magongo haya mapya hufika dola 400 na kupita. Baba wa watu alinunua lenye muhuri wa USSSA, ambao ni wa ligi za watoto wadogo za nje ya shule, akidhani muhuri ni muhuri. Kabla ya mchezo lilikuja swali lilelile, wakaitikiana kwa kichwa vilevile. Mtoto akapiga mara ya kwanza, akatolewa kwa mpira wa juu, hakuna aliyesema neno. Mara ya pili akapiga ukapita katikati ya walinzi, wenzake wawili wakafika nyumbani, yaani kituo cha mpigaji ambako pointi huhesabiwa, sisi tukasimama tunashangilia. Hapo kocha wa wapinzani akatoka taratibu kwenye benchi lake na kuomba gongo likaguliwe. Mpigaji akatangazwa ametolewa, pointi mbili zikafutwa, wakimbiaji wakarudishwa, na kocha wetu akafungiwa benchini mpaka mwisho wa mchezo, kama kanuni inavyotaka kwa kosa la kwanza. Mtoto yule aliketi chini mwishoni mwa benchi, taulo kichwani, na hakuinuka tena hadi basi lilipowashwa.

Kanuni ilifuatwa, sikatai. Lakini kocha yule alikuwa ameliona gongo lile tangu mara ya kwanza, akalitunza kama karata, kwa sababu utaratibu unamruhusu kungoja: kosa likigunduliwa kabla ya mpira unaofuata kurushwa, upande wa ulinzi, yaani timu isiyopiga, ndio unaofaidika. Gongo hilohilo lingeshikwa na mwamuzi kabla ya mchezo, lingeondolewa tu, mtoto angeazima la mwenzake na hakuna ambaye angeaibika. Kukagua mapema kunamlinda anayerusha na kunamlinda anayepiga. Kutokagua kunamfaidi kocha mjanja na mtu mwenye mashine ya kukereza gereji kwake.

Nimeshazisikia sababu zote. Nimeambiwa kwamba kanuni inawabebesha makocha dhamana ya kuthibitisha vifaa, kwa hiyo mwamuzi akishauliza amemaliza wajibu wake. Huko ni kumwachia mwenye duka ajikague mizani yake mwenyewe. Kocha ana vijana kumi na watano, ana mabegi, ana baba na mama wanaoleta magongo mapya katikati ya msimu, na ana hamu ya kushinda. Hata awe mkweli kama malaika, hajakaa na pete ya kupimia akapima moja moja. Nimeambiwa pia kwamba waamuzi ni wachache, wanatoka kazini wakikimbia, na malipo yao ni madogo. Hilo naliamini na linanisikitisha, kwa sababu nimewaona wanavyotukanwa na wazazi nyuma ya wavu, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya na sitalifanya. Lakini timu huwa na magongo kumi au kumi na tano. Niliyapanga ya timu yetu kwenye nyasi baada ya mazoezi, kwa ruhusa ya kocha, nikayapitia moja baada ya jingine kwa saa ya simu: kusoma muhuri na namba, kupapasa, kutikisa, kutazama kifuniko. Magongo kumi na mawili yalinichukua dakika sita, na mimi sijawahi kucheza besiboli maishani mwangu. Moja nilikuta lina ufa mwembamba kama unywele, karibu na mahali sehemu nene inapoanza. Limekuwa likitumika msimu wote.

Katika besiboli za vyuo vikuu magongo hupimwa kwa mashine inayobana ukuta na kusoma ugumu wake, na yanayofaulu hubandikwa stika. Sidai kila sekondari inunue mashine, ingawa mashine moja kwa wilaya, ikizungushwa kabla ya michuano ya mwisho, isingemfilisi mtu. Ninachodai ni cha bei ya pete ya plastiki na dakika sita.

Nimemwandikia mkurugenzi wa michezo wa shule yetu na nimepeleka nakala kwa anayewapangia waamuzi zamu katika kanda yetu. Mkurugenzi amenijibu kwa adabu kwamba amepokea. Aliyebaki hajajibu. Nimeomba mambo matatu: magongo yote yapangwe chini mbele ya benchi dakika ishirini kabla ya mchezo na mwamuzi ayashike moja moja mbele ya makocha wote wawili, gongo lenye shaka liondolewe bila adhabu wakati huo, na mwamuzi aandike kwenye karatasi ya mchezo kwamba amekagua, kwa sahihi yake, ili kesho mtoto akiumia kuwe na jina la kuuliza.

Wazazi mlio Texas, Minnesota, Washington na kwingineko, naomba mniambie kama kwenu magongo hukaguliwa kwa mikono au kwa maneno, na kama yupo kati yenu anayeamua michezo hii, tafadhali aeleze alifundishwa nini kuhusu ukaguzi. Mchezo wetu ujao ni Jumanne saa 11 jioni. Mwanangu hatarusha, lakini amesisitiza twende akakae na wenzake, na nimemwomba kocha aniruhusu niyapange magongo yetu mwenyewe kwenye nyasi kabla mwamuzi hajafika.