USHAURI: Modeli ya Nara ya kale, ukumbi wa enzi niuweke wapi?

Randa Butu (mleta uzi): Wakuu, salaam. Natengeneza modeli ya Heijo-kyo, yaani Nara ilipokuwa mji mkuu wa Japani, 710 hadi 784. Kipimo ni 1:5000, juu ya plaiwudi ya milimita 12. Barabara nimeshachora. Nimekwama ndani ya ikulu: ramani nyingine zinaweka ukumbi wa enzi, Daigokuden, kwenye mstari wa barabara kuu ya Suzaku, nyingine zinausogeza mashariki. Ipi sahihi? Maonyesho yamekaribia na usingizi sipati.

Bi Rula: Zote sahihi, inategemea mwaka. Ukumbi wa kwanza ulikuwa kwenye mstari wa Suzaku. Mwaka 740 Kaizari Shomu alihamia Kuni, mji mkuu mpya, ukumbi ukabomolewa ukaenda kusimikwa huko. Aliporudi Nara 745 hakurudi nao. Ukajengwa wa pili, mashariki ya kiwanja cha zamani. Ule wa Kuni ulipewa hekalu la jimbo la Yamashiro mwaka 746. Chagua mwaka mmoja. "710 hadi 784" si mwaka.

Chumvi Kidogo: Shomu noma. Kuni, Naniwa, Shigaraki, halafu Nara tena, yote ndani ya miaka mitano. Kama mpangaji anayekimbia kodi 😂

Mzee wa Mito: Mimi ningekushauri uachane na Nara, ufanye Nagaoka, mji mkuu uliofuata, 784 hadi 794. Nara haikuwa na mto mkubwa wa kupitisha mizigo. Nagaoka ilikuwa karibu na makutano ya mito ya Katsura, Uji na Kizu, hata ukumbi wa enzi wa Naniwa ulibomolewa, vifaa vikatumika kujengea Nagaoka. Shida ni kwamba maji yanayoleta mbao ndiyo yanayoleta mafuriko, na ya 792 yaliutia mji hasara. Ukijenga modeli yake, weka mteremko. Ukiifanya bapa, hakuna atakayeelewa kwa nini walihama.

Sauti ya Mnyonge: Mafuriko gani, Mzee? Ile ilikuwa damu ya ndugu. Mwaka 785 Fujiwara no Tanetsugu, msimamizi wa ujenzi, alipigwa mshale. Kaizari Kammu akamsweka ndani kwa tuhuma hizo mdogo wake, mwanamfalme Sawara, naye akagoma kula na kufa njiani akipelekwa uhamishoni kisiwa cha Awaji. Mwaka 800 wakampa marehemu cheo cha kaizari ili roho yake itulie. Dhuluma haijengi mji.

Mzee wa Mito: Hofu ya roho ilikuwepo, sikatai. Lakini mto nao ulikuwepo.

Bi Rula: Turudi kwa mleta uzi. Mkuu, ubao wako una ukubwa gani?

Randa Butu: Unatosha.

Bi Rula: Sijauliza kama unatosha. Sentimita ngapi kwa ngapi?

Randa Butu: 90 kwa 100. Umeshakatwa na fremu nimeshapiga. Mji ni mstatili: vitalu 8 kwenda mashariki, 9 kwenda kusini, kila kimoja kama mita 533, ambayo kwangu ni sm 10.7. Jumla 85 kwa 96. Najua kuna Gekyo, sehemu ya mji iliyochomoza upande wa mashariki, lakini hiyo ni nyongeza tu, watazamaji hawataiulizia.

Bi Rula: Ndiyo itakayoulizwa kwanza. Kofuku-ji, hekalu la ukoo wa Fujiwara, iko humo. Gekyo ni vitalu 3 kwa 4, yaani sm 32 kwa 43. Mji mzima upana wake ni sm 117, na plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ina 122. Ulikuwa unatosha kabla ya msumeno.

Sina Haraka: Suluhisho rahisi: geuza iwe Heian-kyo, Kyoto ya 794. Ilikuwa kilomita 4.5 kwa 5.2, haina mkia wa mashariki. Kwa 1:5500 inakuwa sm 82 kwa 95, inakaa kwenye ubao wako. Ila usijaze nyumba magharibi. Upande ule ulikuwa na majimaji na karne ya 10 ulishahamwa.

Randa Butu: Kyoto siwezi. Nimeshachonga ukumbi wa Buddha Mkuu wa hekalu la Todai-ji.

Nimekaa Pale: Hii ni chai. Todai-ji iko nje ya ukingo wa mashariki wa Gekyo. Mtu aliyekata ubao usio na Gekyo amechonga Todai-ji aiweke wapi, mezani? Hakuna ubao hapa. Picha au uzi ufungwe.

Randa Butu: Nilipanga kuiweka kwenye kona. Upana wake milimita 11. Simu yangu kamera imekufa.

Chumvi Kidogo: Kamera hufa kila inapoombwa picha 😂

Bi Rula: Milimita 11 ni kama mita 57, ukumbi wa leo, uliomalizika 1709. Wa karne ya 8 ulikuwa kama mita 86, yaani milimita 17. Mtunzi wa chai angenakili namba ya kitabuni. Huyu kapima jengo lililopo sasa, kwa hiyo ubao upo.

Mkuu, fanya hivi. Kata kipande cha sm 45 kwa 43, plaiwudi ileile, ili mashariki ya Gekyo ibaki nafasi ya Todai-ji. Kwenye ubao wa zamani ondoa ukingo mtupu wa sm 2.5 upande wa mashariki. Ukiunga bila kuuondoa, unatengeneza pengo la mita 125 ambalo Nara halikuwepo. Kipande kianze sm 12.7 kutoka juu: mbili za ukingo, halafu kitalu cha kwanza. Chini pitisha mbao mbili kuvuka kiungo, skrubu na gundi. Gundi peke yake itaachia ukibeba.

Randa Butu: Sawa. Mwaka naandika 770, ukumbi wa enzi wa mashariki, ukumbi wa Buddha nauchonga upya. Lakini fremu haing'oki.

Bi Rula: Ya mashariki itang'oka.