Famasia ikikutwa haina mfamasia, ifungwe papo hapo?

Mkazi wa Buza: Wakaguzi wamepita mtaani kwetu wiki hii. Famasia mbili zimepigwa kufuli kwa kuwa mfamasia msimamizi hakuwepo. Cheti chake kipo ukutani kwenye fremu, mwenyewe hatujawahi kumwona. Mimi naona wamefanya sawa. Wenzangu mnasemaje?

Mama Wawili: Sikubaliani. Zahanati yetu ikifika saa tisa na nusu alasiri watu wanaondoka. Mtoto akianza kuchemka saa tatu usiku, pa kukimbilia ni hapo mlipopafunga.

Fundi wa Temeke: Mfamasia si tatizo. Tatizo ni hao mabinti wa dirishani, wamefeli kidato cha nne halafu wanaachiwa dawa kama wanauza vocha. Nina mafua tu, nikapewa azuma, antibiotiki! TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wako wapi?

Binti wa Dirishani: Kaka, huyo binti ni mimi. Nimekaa chuo nikapata stashahada ya famasia. Nafungua asubuhi, nafunga saa nne usiku. Hiyo azuma uliandikiwa na daktari, au ulikuja umeshaitaja kwa jina? Kutwa nzima mtu anasimama hapa: "Nipe rangi mbili za buku." Nikimwambia hizo ni antibiotiki, dozi yake haikatwi, anasonya, anavuka barabara kwenda duka la pili. Jioni bosi haulizi nimeelekeza wangapi, anauliza mauzo.

Fundi wa Temeke: Usinipandishie sauti. Hela ni yangu, nikitaka vidonge vitatu nipewe vitatu.

Mama Wawili: Sasa unamlaumu aliyekuuzia au aliyekukatalia? Chagua moja. Mimi binti kama huyo alinichanganyia dawa ya unga ya mwanangu mbele yangu: akatia maji yaliyochemshwa yakapoa, akatikisa, povu likatulia, akaongeza mpaka kwenye mstari. Akaniambia siku saba zikipita nimwage hata kama imebaki. Hospitali hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Mzee wa Songea: Wanangu, TFDA haipo tangu 2019. Sasa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; mambo ya chakula yakaenda TBS, shirika la viwango. Maduka na wanataaluma wake wako chini ya Baraza la Famasia kwa sheria ya 2011. Na msichanganye famasia na duka la dawa muhimu. Hayo yalianzia kwetu Ruvuma 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Muuzaji anapewa mafunzo, na ana orodha ya dawa anazoruhusiwa. Bila hayo, vijijini tungekufa.

Mkazi wa Buza: Shikamoo mzee. Lakini nimeuliza famasia, na swali langu ni cheti kinachokaa ukutani bila mtu. Huko ni kukodisha jina.

Mfamasia Kijana: Unatutukana wote kwa makosa ya baadhi. Nimesoma miaka minne, nikafanya mwaka wa utarajali. Mwenye duka anakuja na hesabu yake: "Nipe cheti, nitakutumia kitu kidogo kila mwezi, usijisumbue kuja." Ukisema unataka kukaa dukani ulipwe mshahara kamili, anatafuta mwingine.

Mkazi wa Buza: Na huyo mwingine anakubali! Ndiye ninayemsema. Mgonjwa wa presha anaongezewa dawa ya maumivu inayompandisha presha, aliyesomea kuzuia hilo yuko mkoa mwingine anasubiri muamala.

Mfamasia Kijana: Basi adhabu imfuate mwenye duka na mwenye cheti. Kufuli limemwadhibu nani?

Binti wa Dirishani: Mimi. Duka lenu hilo la Buza ndilo langu. Niliyesaini karatasi ya ukaguzi ni mimi, nikaambiwa nitoke.

Fundi wa Temeke: Hiyo malizana na bosi wako. Sisi tunataka dawa salama.

Mama Wawili: Kaka, nyamaza kidogo. Binti, mama yangu ana kisukari na insulini yake ananunua hapo kwenu. Mliitoa kwenye friji?

Binti wa Dirishani: Hatukuruhusiwa kutoa kitu. Luku ilibaki na yuniti chache, nilikuwa ninunue jioni ile. Nimempigia bosi tangu jana, hapokei. Mama asije kuinunua hapo hata wakifungua, aanze kutafuta kwingine leo.